Nyuma ya Lori la Usta Awad

Habari kwamba kijana aliyemposa binti yake Siham ndiye yule dereva anayesimama njiani ilimfikia Usta Awad, dereva wa lori la marumaru, machimboni, kwenye kibanda cha chai, mbele ya wenzake wote, na ilimfikia pamoja na kicheko.

"Hongera, Usta," alisema mmoja wa madereva huku akikoroga sukari. "Nasikia binti unampeleka kwa Bibi Harusi."

"Bibi Harusi ndiye nani?"

"Mkweo! Yule wa basi dogo la chuo cha uuguzi. Kwani hujui? Akiona lori la mawe mbele yake anarudi nyuma, anaacha nafasi ya kupita msafara mzima wa harusi na ngoma zake. Na wakiwa kwenye mlima ndiyo kabisa, anaegesha kando, anangoja jiwe lifike kwao salama ndipo naye aendelee."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Usta Awad naye alicheka, maana pale asiyecheka huchekwa zaidi, lakini chai ilimpalia akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa amebeba mawe kutoka mlima ule wa mashariki ya mto tangu kabla hajaota masharubu sawasawa. Baba yake alikufa machimboni, nyumba yake imejengwa kwa vipande vilivyokataliwa viwandani, na hata jiko la mkewe limeegemezwa kwenye kipande cha marumaru. Kwa mtu kama huyo, mkwe anayeogopa lori ni sawa na mchinjaji kuletewa mkwe anayezimia akiona damu. Alimaliza chai yake, akaaga kwa utani kama kawaida, na njia nzima akawa anatafuna sharubu lake.

Fikriya, mkewe, alikuwa anatoa mikate ya jua, ile inayoumuliwa juani, tanurini alipomsikia akiingia bila salamu.

"Mama Siham, ulijua?"

"Nimejua nini? Funga mlango kwanza, kuku wanaingia."

"Kwamba huyo kijana wenu anaogopa matako ya lori!"

"Haya tena. Maneno gani hayo na mtoto yuko ndani?" Fikriya aliweka mkate juu ya kitambaa, akapuliza vidole. "Nilijua. Siham aliniambia zamani. Ndiyo maana nilimkubali."

"Ndiyo maana?"

"Ndiyo. Binti yangu anapanda gari lake kila asubuhi kwenda chuoni. Ulitaka nimchagulie anayekimbia?"

Usta Awad akakosa la kusema, na alipokosa la kusema alikuwa na desturi ya kupandisha sauti. Akasema yeye si wa kuchezewa. Akasema madereva wamemcheka. Akasema atamwita huyo mtu Ijumaa baada ya sala, na atajua yeye ni nani. Siham, aliyekuwa nyuma ya mlango wa chumba cha ndani na kitabu chake cha anatomia, alisikia kila neno, akafunga kitabu bila kuweka alama alipoishia.

Rifaat, yule mchumba, alikuja Ijumaa amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, na sanduku la halua mkononi. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukaa kwenye ncha ya kiti kana kwamba wakati wowote ataitwa aondoke. Usta Awad alimkaribisha sebuleni. Dahi, mdogo wake Usta, aliyekuwa akiendesha lori la Usta siku ambazo kaka yake anapumzika, naye aliitwa awepo, kwa sababu neno linalosemwa mbele ya Dahi ni sawa na lililotangazwa sokoni.

"Mwanangu," alianza Usta, "wanakuitaje huko barabarani?"

Rifaat akatabasamu kidogo. "Wananiita Bibi Harusi, ami."

"Na wewe unaitikia?"

"Nisipoitikia wanapiga honi."

Dahi akacheka kwa pua. Fikriya aliingia na bilauri za chai, akazipanga taratibu kuliko ilivyohitajika, kisha hakutoka.

"Nieleze vizuri," Usta akasema. "Unaogopa nini hasa? Lori lina meno?"

"Silo lori, ami. Ni jiwe. Hamlifungi."

Sasa kaka na mdogo wake wakatazamana, wakamhurumia. Hilo ni neno la mgeni. Usta Awad akajiweka sawa kwenye kochi, akamweleza kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu.

"Sikiliza. Jiwe letu halifungwi. Hakuna anayelifunga, toka mlimani mpaka viwandani. Unaliweka katikati ya trela, unalipigia kabari mbili za mbao nyuma, basi. Uzito wake mwenyewe unalishika. Na hata ukiwa na mnyororo, ukilifunga umejiua. Kwa sababu gani? Jiwe lililofungwa, siku likiamua kuondoka, linaondoka na trela, linaondoka na kichwa cha lori, linaondoka na wewe ndani. Lakini likiwa huru, linaondoka peke yake. Dereva anarudi kwa wanawe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, ami."

"Haya."

"Likiondoka peke yake, linakwenda wapi?"

Dahi aliangalia dirishani. Usta Awad alikunywa chai ambayo ilikuwa bado ya moto mno, ikamuunguza ulimi, na hilo likamwongezea hasira.

"Mimi niliwahi kuwa nyuma," Rifaat akaendelea, kwa sauti ileile ya upole, kama mtu anayetoa taarifa. "Kulikuwa na gari dogo kati yangu na lori. Niliteremka kwenda kusaidia. Hapakuwa na cha kusaidia."

"Mungu awarehemu," alisema Fikriya.

"Mungu awarehemu," alisema Usta, "lakini ajali ni ajali, hata kitandani watu wanakufa. Mwanamume hawezi kuishi hivi. Kesho utakuwa na mke, utakuwa na watoto, kila kitu kitakuwa kinakutisha. Nitawaambia nini watu? Binti wa Awad kaolewa na nani? Na mtu aliyeegesha?"

"Awaambie watu mkwe wake yuko hai," Fikriya akasema, akiitazama sinia.

Hapo ndipo Usta Awad alipopandwa na mori. Kama mkewe angenyamaza, huenda maneno yangeishia kwenye maneno. Lakini kusahihishwa na mke mbele ya mgeni na mbele ya Dahi lilikuwa jambo kubwa, na wanaume wa upande ule wakibanwa hivyo wana silaha moja ya kijinga ambayo huwa karibu ya mkono daima. Aliinuka akapiga kifua.

"Basi sikilizeni wote! Wiki ijayo tunakwenda mjini kununua dhahabu ya Siham. Kijana huyu atatuendesha yeye mwenyewe, na mimi nitakaa mbele, pembeni yake. Akisimama njiani kwa woga wa lori, hata mara moja, hamwoi Siham. Na nikimwoza, basi mama yake ameachika kwangu talaka tatu!"

Bilauri moja ililia kwenye sinia. Fikriya alimtazama mumewe kama anavyotazamwa mtu aliyejimwagia maji ya moto mwenyewe.

"Umemaliza?" akamuuliza.

"Nimemaliza."

"Haya, mnywe chai, itapoa."

Siku ya dhahabu walitoka asubuhi kwa basi dogo la Rifaat, jua likiwa bado halijawa kali. Mama yake Rifaat alikuwa amekwishatangulia mjini, anawangoja dukani kwa sonara. Usta Awad alikaa mbele kama alivyoapa, amevaa kilemba kipya. Nyuma walikaa Fikriya na Siham, na kati yao mkoba wa Fikriya wenye maandazi na chupa ya maji, kana kwamba wanakwenda Hijazi. Siham alikuwa amejipaka wanja, halafu akaufuta, halafu akajipaka tena, na macho yake yalionyesha hatua zote tatu.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Usta alikuwa na bashasha, akaulizia bei ya matairi, akasifu breki za gari. Rifaat alijibu kwa heshima. Wakaiacha njia ya kijijini wakaingia barabara kuu inayotoka machimboni, na hapo lori likatokea mbele yao likiwa na pande la jiwe jeupe, kubwa kuliko basi lenyewe.

"Oho!" alisema Usta Awad kwa furaha. "Unalijua hilo?"

"Nalijua, ami."

"La kwangu! Dahi huyo. Tazama anavyokwenda, ametulia kama anambeba mama yake."

Rifaat alikaza vidole kwenye usukani. Mguu wake, kwa mazoea, ulikwishaanza kuinuka kutoka kwenye mafuta. Nafasi kati yao na lori ikaanza kukua. Usta akageuza shingo, akamtazama, na bashasha yote ikamwondoka.

"Mbona unapoa?"

"Sijasimama, ami."

"Sijasema umesimama. Nasema unapoa. Watu wanaendesha hivi? Mkaribie. Mkaribie kama wanaume."

Siham aliliona sikio la Rifaat kwa nyuma likibadilika rangi. Gari likaongeza mwendo. Lori likakua kwenye kioo cha mbele, mpaka yakasomeka maneno yaliyopakwa rangi nyuma ya trela, aliyoyalipia Usta mwenyewe kwa fundi siku Siham alipozaliwa: BABA SIHAM. Kando yao upande mmoja kulikuwa na ukuta wa mwamba, na upande wa pili malori matupu yanarudi machimboni moja baada ya jingine, hapana pa kupenya.

"Hapo sasa!" alisema Usta Awad. "Umekufa? Hujafa."

Kisha barabara ikashuka kwenye bonde kavu, ikaanza kupanda upande wa pili.

Mlima ule Usta Awad aliujua kwa mgongo wake. Alijua pa kubadilisha gia, alijua injini inavyolia pale, alijua hata shimo la kukwepa. Lakini aliujua akiwa kwenye usukani, na aliye kwenye usukani wa lori lile haoni nyuma. Vioo vya pembeni vinamwonyesha mbavu za jiwe, nyeupe, zimetulia, basi. Miaka yote hiyo hajawahi kuupanda akiwa nyuma ya mzigo. Angeupandaje nyuma, na yeye ndiye mwenye lori?

Dahi alibadilisha gia. Lori likasita kidogo, kama linavyosita siku zote, kisha likavuta. Na Usta Awad akaliona jiwe likiinuka.

Halikuinuka sana. Ukingo wake wa chini uliachana na trela, na hapo chini mwanga wa jua ukapita kutoka upande mmoja kwenda wa pili, mstari mwembamba. Kisha jiwe likalala tena, na lilipolala lilisogea. Lilisogea nyuma. Kabari moja ya mbao ikageuka ubavu.

Akadhani macho yake yanamdanganya. Akasogeza kilemba kutoka kwenye paji la uso, akainama mbele. Dahi akaingiza gia nyingine, ya chini zaidi. Lori likasita, likavuta. Mwanga ukapita. Jiwe likalala, likasogea.

Kila gia. Kila mara. Usta Awad alijaribu kukumbuka yeye amebadilisha gia mara ngapi kwenye mlima huu, na ni nani waliokuwa nyuma yake, akaona hamkumbuki hata mmoja.

"Rudi nyuma kidogo," akasema.

Rifaat hakugeuka. "Hapana, ami."

"Nimekwambia rudi nyuma."

"Leo sirudi."

"Wewe! Huoni lile jiwe?"

"Naliona." Jasho lilikuwa linamtiririka Rifaat mpaka kidevuni, naye hakulifuta. Macho yalikuwa yamemtoka, yameganda kwenye lile pande jeupe. "Naliona kila siku, ami. Leo umesema nisisimame."

"Mimi huyohuyo niliyesema ndiye nasema!"

"Unanijaribu."

"Nakujaribu nini, mwendawazimu? Punguza! Wewe ni mwanamume wa namna gani, unaambiwa neno husikii?"

Lilikuwa neno baya kulichagua. Alipolisikia lile la mwanamume, kijana akauma meno, na basi likazidi kusogea mbele, mpaka herufi za BABA SIHAM zikawa juu yao na moshi wa lori ukaanza kuingia ndani. Nyuma yao lori jingine la mawe likawa linapiga honi kuwahimiza.

"Rifaat," Siham aliita. Hajawahi kumwita jina mbele ya baba yake. "Rifaat, simama."

"Nikisimama ndiyo basi," Rifaat akasema. "Baba yako ameapa."

"Simama, mwanangu!" Fikriya alikuwa amekwishainuka, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, maandazi yamemwagika chini. "Kama ni talaka nipewe! Nipewe tatu, nipewe kumi! Mimi mwanangu yuko humu! Simama!"

Dahi akabadilisha gia. Mwanga ukapita chini ya jiwe, na kabari iliyokuwa imegeuka ikaruka, ikaanguka barabarani, ikagonga chini ya basi lao kwa kishindo.

Usta Awad alinyoosha mkono akaishika handbreki, akaivuta kwa nguvu zake zote.

Gari lililia, likayumba, likapanda kokoto za kando ya barabara likazimika huku pua imeelekea ukutani. Lori la nyuma likawapita linatukana kwa honi. Vumbi likaingia ndani likawashukia wote kwa usawa. Mbele, lori la Usta likaendelea kupanda na jiwe lake juu, polepole, likafika kileleni, likapotea upande wa pili. Halikuanguka. Hapakuwa na kishindo chochote. Kulikuwa na Fikriya tu anayepumua kwa sauti, na Rifaat ameinamisha paji la uso kwenye usukani.

Simu ya Rifaat ikaita. Alikuwa mama yake, anayewangoja dukani kwa sonara. Hakuna aliyeipokea.

Usta Awad alijipangusa vumbi usoni. Alikuwa na nafasi ya kusema, na wote mle ndani walikuwa wanamngoja aseme. Akarekebisha kilemba chake.

"Gari limesimama," akasema. "Kiapo ni kiapo. Geuza, turudi nyumbani."

Jioni Dahi alirudi na habari kwamba jiwe limefika salama, halina hata mkwaruzo, na kwamba dereva aliyekuwa nyuma amemwambia aliliona basi likiegesha mlimani.

"Nilijua tu hatamaliza ule mlima," akasema akicheka. "Basi, kaka, imekuwa heri. Umejua mapema."

"Ndiyo," alisema Usta Awad.

Kesho yake kibanda cha chai kizima kilikuwa na habari. Walimpa pole na hongera kwa pamoja. Mmoja alimlipia chai. Usta alikunywa, akawaacha waendelee kumwiga Bibi Harusi akisimama na kushika moyo, na kila walipocheka alihisi kuwa anakula chakula cha mtu mwingine.

Nyumbani mambo yalikuwa kimya. Siham aliamka, akaenda chuoni kwa gari la mtu mwingine, akarudi, akaingia chumbani. Alimwamkia baba yake kama anavyomwamkia jirani. Fikriya alimpakulia mumewe chakula, akampa maji ya kunawa, lakini usiku wa kwanza alihamishia mto wake chumbani kwa binti, na alipoulizwa alijibu bila kinyongo, kama mtu anayesoma bei.

"Mimi nimekwishaomba talaka mbele yako na mbele ya Mungu. Nilisema nipewe. Siwezi kulala nikiwa sijui kama nimepewa."

"Hujapewa. Sijamwoza."

"Hujamwoza kwa sababu amesimama?"

"Si umeona amesimama?"

Fikriya alimtazama. Aliuchukua mkono wake wa kulia, ule wa kuvutia handbreki, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza tena, kama anayetafuta mwiba.

"Mkono mzuri," akasema. "Umefanya kazi nzuri siku ile. Sijui kwa nini unauonea haya." Akauachia. "Tutakwenda kwa sheikh. Wewe, mimi na kijana. Na Dahi aje, maana yeye ndiye shahidi wa kiapo."

Usta alitaka kupandisha sauti. Sauti haikupanda.

Sheikh wa msikiti alikuwa kijana bado, mwenye mafua makali, aliyekuwa anafuta pua kwa mkono wa kanzu kila baada ya maneno machache. Walimkuta baada ya sala ya alasiri. Madereva wawili waliokuwa bado wamekaa pale hawakuondoka, maana habari hii hawakutaka kuisikia kwa mtu. Fikriya alikaa upande wa pili wa pazia.

"Sema ulivyoapa," alisema sheikh. "Maneno yenyewe."

Dahi akamwahi kaka yake. Alikuwa na kumbukumbu nzuri, na aliyarudia maneno yote kwa sauti ya Usta kabisa, mpaka kupiga kifua. "Akisimama njiani kwa woga wa lori, hata mara moja..."

"Ngoja," sheikh akasema. Akapiga chafya, akamshukuru Mungu. "Kwa woga. Ulisema kwa woga?"

"Nilisema," Usta Awad akajibu.

"Hukusema akisimama tu. Akisimama kwa woga. Ni vitu viwili. Mtu anaweza kusimama kwa pancha." Akamgeukia Rifaat. "Wewe, ulisimama kwa woga?"

Rifaat alikuwa ameketi ukingoni mwa jamvi. "Nilikuwa na woga, sheikh."

"Sikukuuliza ulikuwa na nini. Gari lilisimamishwa na nini?"

"Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani," alisema Rifaat. "Lawama ni yangu."

Mmoja wa madereva akatikisa kichwa kwa huruma ya uongo. Dahi alitabasamu. Nyuma ya pazia Fikriya alikohoa, kikohozi kikavu, kisichokuwa cha mafua.

Usta Awad alitazama jamvi. Kijana alikuwa amembebea aibu yake, amempa mpaka njia ya kutokea, na kilichobaki kwake ni kunyamaza tu. Akinyamaza, kibanda cha chai ni chake vilevile, heshima ni yake, mke ni wake. Siham atalia, atanyamaza, ataposwa na mwingine, dereva anayekaribia malori kama wanaume. Alimwona huyo mwingine. Alimwona Siham amekaa ndani ya gari la huyo mwingine, asubuhi moja ya kawaida, kwenye mlima ule, nyuma ya maandishi yale.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyevuta breki. Yeye alikataa kusimama. Nilimwamrisha akakataa, nikamtukana akazidi kwenda. Nikavuta mimi."

Sheikh alisahau kufuta pua. "Kwa nini?"

Usta alikuwa amejiandalia kisingizio cha injini. Injini ilikuwa inachemka, angesema, na hakuna ambaye angebisha.

"Niliogopa," alisema Usta Awad.

Dahi alicheka kidogo, akidhani ni mzaha, kisha akaona hakuna aliyemfuata. "Umeogopa nini, kaka?"

"Lori langu."

Sheikh akasema kwamba kwa maneno hayo kijana hakusimama kwa woga wake, alisimamishwa na mwingine, kwa hiyo sharti la kiapo halikutimia, binti aolewe na mama yuko katika nikaha yake. Akasema pia kwamba Usta alishe masikini kwa kuichezea talaka, na siku nyingine akitaka kuapa aape kwa kitu chake mwenyewe, si kwa mke. Madereva wawili waliondoka haraka, viatu mkononi, na kabla ya magharibi kibanda cha chai kilikuwa na jina jipya la kumwita mtu mwingine.

Rifaat alimbusu Usta bega. "Hukuwa na haja, ami."

"Nyamaza," Usta akamwambia. "Na siku ya dhahabu utaacha nafasi. Uache nafasi ya wilaya nzima."

Wiki iliyofuata Usta Awad alikwenda kwa muuza vyuma chakavu, akarudi na mnyororo wa meli ya mtoni, mzito, wenye kutu. Machimboni, jiwe lilipokwisha kuwekwa kwenye trela, akapanda akaanza kuupitisha juu. Watu waliacha kazi wakatazama. Dahi alimfuata mpaka juu.

"Kaka, umerogwa? Wewe ndiye uliyenifundisha. Likiondoka sasa, linaondoka na wewe."

"Najua."

"Utamwacha Mama Siham mjane kwa ajili ya watu usiowajua?"

"Shika upande huo, vuta."

Dahi hakushika. Usta akavuta mwenyewe, akazungusha, akatia kufuli, akashuka na mikono myekundu kwa kutu. Akapanda, akakaa kwenye usukani. Miaka yote jiwe lilikuwa mzigo wa nyuma, na sasa lilikuwa limefungwa kwake, yeye na lenyewe kitu kimoja, na liendako ndiko aendako. Akasoma Fatiha. Akawasha.

Alishuka bondeni kwa gia ya chini, akaanza mlima kwa gia hiyohiyo, bila kuibadilisha hata pale ambapo siku zote alibadilisha. Alikwenda polepole kuliko alivyowahi kwenda maishani mwake, shati limemgandia mgongoni, masikio yote yako nyuma. Na huko nyuma magari yakajipanga mpaka chini bondeni, madogo na makubwa, yakimpigia honi, na watu wakitoa vichwa madirishani kumtukana yeye na mama yake aliyemzaa, wakimwomba Mungu amwondoe mtu huyu mbele yao.